Stalin hakumpiga risasi mkewe

Kwa miaka mingi watu wamesimuliana kwamba Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alimuua mkewe, Nadezhda Alliluyeva. Ushahidi unaonyesha alijiua, usiku wa kuamkia tarehe 9 Novemba 1932, baada ya kugombana na mumewe kwenye karamu ya Kremlin, makao ya serikali mjini Moscow. Uvumi ulilelewa na usiri: magazeti ya Kisovieti hayakusema kwamba alijiua, na watoto wake waliambiwa ni ugonjwa wa kidole tumbo. Binti yake, Svetlana, aliujua ukweli miaka baadaye, kupitia jarida la kigeni. Linaloniuma zaidi ni kwamba uvumi huo umemfunika mwanamke mwenyewe, aliyefanya kazi katika ofisi ya Lenin, kiongozi aliyemtangulia Stalin, kisha akasomea nyuzi za sintetiki (zinazotengenezwa kiwandani), akienda chuoni kwa tramu kama wenzake.