Moshi wa risasi hauishii jikoni

Jioni moja mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nilimkuta jirani yangu kachutama mbele ya jiko la mkaa. Anayeyusha risasi, ile metali nzito ya betri kuukuu, kwenye sufuria iliyopinda, anaimimina kwenye vishimo vya mchanga apate chubwi za nyavu. Nikamwambia, kaka, moshi huo unakwenda mbali. Akacheka. "Kitu kizito namna hii kiruke? Labda ukirushe wewe, mdogo wangu." Hoja za watu kama yeye ndizo vichwa vya hapa chini, na chini ya kila moja ni jibu langu.

Risasi ni nzito, haisafiri

Donge haliruki, hapo kasema kweli. Na kwenye sufuria yake kinachopaa ni kidogo, ingawa kinatosha kumdhuru yeye na wanawe. Lakini risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na tanuru la kuchenjulia madini hupita hapo kwa mbali. Sehemu yake hugeuka mvuke, mvuke ukipoa unakuwa vumbi laini mno, na upepo hulibeba maelfu ya kilomita mpaka theluji iliteremshe. Kule Greenland, kisiwa cha barafu karibu na Ncha ya Kaskazini, theluji ya mwaka huu hulalia ya mwaka jana, ikashindiliwa hadi ikawa barafu, na vumbi lake limo humohumo.

Uchafuzi huu uliletwa na magari

Sehemu hii ndiyo inayonisisimua. Muda mrefu kabla ya magari, Warumi wa kale walitaka madini ya fedha ya kupiga sarafu, na fedha hiyo ilikuwa chembe tu ndani ya mawe yaliyojaa risasi. Kila tanuru lilipowaka, moshi ulielekea kaskazini. Mwaka 1994 wanasayansi walionyesha kwamba risasi hiyo imo kwenye barafu ya Greenland. Mwaka 2018 wengine wakaifuatilia kuanzia mwaka 1100 kabla ya Kristo hadi 800 baada yake. Maradhi makubwa yalipoingia dola ya Roma mwaka 165, risasi ilishuka, na ikakaa chini kwa zaidi ya miaka 500. Msiba wa watu umeandikwa kwenye theluji ambayo hakuna Mrumi aliyewahi kuikanyaga!

Magari nayo yana lao. Petroli yenye risasi ilianza kuuzwa miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1960 kiwango Greenland kilikuwa zaidi ya mara 200 ya kile cha asili.

Ncha ya Kusini ni safi, haina watu

Mnorwe Amundsen, mtu wa kwanza kufika huko, alifika Desemba 1911. Risasi ilishatangulia Antaktika, bara lenye ncha hiyo, kufikia 1889.

Hata ikiwepo, mwenyewe hajulikani

Shangazi yangu akionja mawese anakutajia kijiji yalikotoka. Risasi nayo ina ladha yake: aina nne za atomi zinazopishana uzito kidogo, na uwiano wake hutofautiana mgodi na mgodi. Kuyeyusha hakuubadilishi. Ndivyo ile ya Antaktika ilivyofuatwa hadi Broken Hill, mji wa migodi kule Australia.

Huenda vyombo vya maabara ndivyo vilivyoichafua

Swali zuri. Mwanasayansi Mmarekani Clair Patterson aligundua kwamba hewa ya maabara yenyewe ina risasi inayoweza kuharibu kipimo, akajenga chumba safi kupindukia. Mche wa barafu, yaani kipande kirefu kilichochimbwa toka kwenye barafu, hukwanguliwa nje, kinapimwa kiini.

Kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliachwa kufikia 2006, na Greenland kiwango kimeshuka sana. Jirani yangu bado haiamini habari ya Greenland. Ila sufuria kaihamishia nyuma ya mitumbwi, na watoto hawaruhusiwi kusogea.