Maana ya amnesia: si lazima mtu asahau jina lake

Amnesia ni kupotewa na kumbukumbu kupita kiasi cha usahaulifu wa kawaida, kwa sababu ya maradhi, jeraha la ubongo au mshtuko mkubwa wa nafsi. Anayesahau alipoweka funguo hana amnesia; usahaulifu huo ni wa kila mtu, nao ndio alioupima mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus katika kitabu chake cha mwaka 1885.

Kosa lililoenea zaidi, na linalonisikitisha kwa sababu huwaumiza wagonjwa, ni kudhani kwamba mwenye amnesia sharti awe amefutikiwa na yote: jina, ndugu, hata mahali alipozaliwa. Wanasaikolojia wa mwanzo hawakuliona hivyo. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alieleza kwamba kumbukumbu hubomoka kwa utaratibu: mambo ya karibuni hutangulia kupotea, ya utotoni hudumu, na mazoea ya mwili pamoja na hisia huwa ya mwisho kuondoka. Baada yake daktari Mrusi Sergei Korsakoff aliandika kuhusu wagonjwa, wengi wao walevi wa miaka mingi, walioweza kuzungumza vizuri na kucheza karata, ilhali hawakujua kama wamekwisha kula.

Mwaka 1911 mwanasaikolojia Édouard Claparède wa Geneva alisimulia habari za mama mmoja mwenye maradhi hayo, ambaye aliitaja miji mikuu ya Ulaya bila taabu lakini hakuwatambua wauguzi aliowaona kila siku. Claparède alificha pini katikati ya vidole vyake, akampa mkono, na pini ikamchoma. Mama yule alilisahau tukio hilo upesi. Hata hivyo, Claparède aliponyoosha mkono tena, mama yule aliurudisha wake nyuma, na alipododoswa sababu alijibu tu kwamba huenda pini ikafichwa mkononi, bila kukumbuka kuwa yeye ndiye aliyechomwa.

Kwa hiyo mzee anaposimulia harusi yake ya ujanani kwa kituo, kisha akauliza kwa mara ya tatu kama amekunywa chai, tafadhali tusiseme anajifanya. Swali la “mbona ya zamani anayakumbuka?” halikanushi ugonjwa wake, kwani kuyashika ya zamani na kupotewa na ya leo asubuhi ndivyo hali hiyo inavyokuwa mara nyingi.