Unaongeza chumba au fremu? Funua chemba kwanza

Masika yakishika Dar es Salaam, simu za dawati letu la maji taka hapa mamlaka ya maji huwa ni za aina moja: choo kinarudisha. Tukifika, mara nyingi mwenye nyumba ameongeza fremu mbili za maduka upande wa barabarani au vyumba vya wapangaji uani, na bomba la zamani limebaki chini ya ujenzi mpya.

Nyumba moja ya Sinza sijaisahau. Mama mwenye nyumba alikuwa ametandika magunia kwenye mlango wa chumba kipya, na maji meusi yanapanda kwenye tundu la bafu. Fundi alibandua vigae kwa tindo, akavunja zege, na chini yake tukakuta kifuniko cha chemba, yaani shimo la kukagulia bomba la maji taka, kizima, kimefukiwa na vishikio vyake. Pembeni kidogo, msingi mpya ulikuwa umelikalia bomba likapasuka, mchanga ukaingia na kulijaza nusu. Mpangaji alikuwa ameshalipa kodi ya miezi sita.

Uzito wa ukuta haushuki wima tu, husambaa mshazari ardhini. Ndiyo maana bomba lililo pembeni ya msingi nalo huumia, hata kama fundi anakuhakikishia kwamba amelikwepa. Msingi ulio karibu na bomba uchimbwe hadi usawa wa chini ya bomba. Bomba likilazimika kupita katikati ya ukuta wa msingi, weka lenta (boriti ya zege) juu yake na uache nafasi kulizunguka, ukuta ukititia usilikate.

Kabla ya kuchimba, funua chemba zote. Mtu mmoja amwage chooni ndoo ya maji yenye bluu ya kufulia, mwingine asimame kwenye chemba aangalie yanatokea upande gani na yanachukua muda gani. Rudia kwa bafu, jiko na sinki la nje. Pima kina cha kila chemba, chora kwenye karatasi. Kazi hii haichukui hata asubuhi nzima. Usiingie wala usimwingize kijana shimoni: hewa ya humo inaua, na ikizidi hata harufu yake huisikii tena.

Wengi huamua kulizungusha bomba pembeni ya chumba kipya. Inawezekana, lakini hesabu ya mteremko ifanyike mapema. Bomba la inchi nne tunalitaka lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukiliongezea mita 6 za kuzunguka, unahitaji sentimita 15 zaidi za kushuka, na chemba ya mwisho haiwezi kukufuata chini. Kila kona iwe na chemba, na isiwe ndani ya chumba.

Sasa utaratibu. Nyongeza inahitaji kibali cha ujenzi kama nyumba mpya. Unaanzia serikali ya mtaa, kisha halmashauri, na fomu ya maombi, michoro na uthibitisho wa umiliki. Mchoro uonyeshe chemba na bomba zilizopo pamoja na zitakazohamishwa, maana ofisa afya naye hupitia, na mchoro usioonyesha maji taka yanakwenda wapi hurudishwa. Kama nyumba imeunganishwa na mtandao wa umma, kuhamisha au kuongeza kiungo kunahitaji idhini ya mamlaka ya maji, nayo huombwa kando. Kibali cha halmashauri hakiwi idhini yetu, na idhini yetu haiwi kibali cha halmashauri. Usifukie mtaro kabla ya ukaguzi, la sivyo utaambiwa ufukue. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kujiunganishia mwenyewe. Anayejenga bila kibali hupewa ilani ya kusimamisha, na asipotii hufuata alama ya X nyekundu ukutani na kubomolewa kwa gharama zake.

Na hili tumelisema mpaka sauti zimekauka: kiwanja kuwa chako hakulifanyi bomba la umma linalopita humo kuwa lako. Linabeba maji ya majirani walio juu yako. Ukilibana, yanarudi kwao.

Lingine ni maji ya mvua. Paa jipya la mita za mraba 20 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 1,000. Tunaambiwa kuyaelekeza chemba kunasafisha bomba. Hakusafishi. Yanavuruga tope lililotuama kwenye tangi la maji taka na kulisukuma hadi shimo la kunyonyea, lile linaloachia maji yanywewe na ardhi, udongo unaziba, na gari la kunyonya linaitwa kila mwezi. Maji ya paa yaende kwenye mfereji wa mvua au tangi la kuvunia, kamwe si chooni.

Ikiwa shimo la zamani liko pale pale unapotaka kujenga, na nyumba nyingi za jiji hili bado zinategemea mashimo, kulifunika kwa zege na kuendelea si suluhisho. Livutwe lote, lijazwe kifusi kwa matabaka yanayoshindiliwa moja moja, na mhandisi aseme msingi upite wapi. Shimo jipya lichimbwe na lianze kazi kabla la zamani halijafungwa. Wapangaji bado wamo ndani.