Ukungu mweusi wa bafuni hautokani na rangi mbovu

Wakazi wengi wa Dodoma huamini kwamba, kwa kuwa mkoa wetu ni mkavu, madoa meusi yanayoota kwenye dari na pembe za bafu husababishwa na rangi hafifu, na kwamba kupaka rangi upya kutayamaliza. Ni rahisi kuelewa imani hiyo, kwa sababu madoa hupotea kweli kwa muda baada ya kupaka.

Hata hivyo, madoa hayo ni kuvu, na kuvu huhitaji unyevu, na unyevu huo mara nyingi tunautengeneza wenyewe. Mtu anapooga maji ya moto asubuhi ya Juni au Julai, wakati kuta zimepoa usiku kucha, mvuke hugusa ukuta baridi na kugeuka matone, hasa pale ambapo dirisha dogo la juu limefungwa kuzuia vumbi na upepo.

Ili kuhakikisha, kausha ukuta, bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote nne, kisha ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, chanzo ni mvuke. Yakiwa upande wa ukutani, chunguza bomba linalovuja au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi.

Chanzo kikiwa mvuke, ukavu wa hewa yetu ya kiangazi ni msaada mkubwa: baada ya kuoga, funga mlango wa bafu, fungua dirisha mpaka kuta zikauke, na weka wavu wa kupunguza vumbi.