Moshi Hainywi Theluji

Masika yakikaribia, simu ya ofisi yetu ya misitu hapa Moshi haitulii. Walimu wakuu wanaulizia miche, maofisa elimu wa kata wanaulizia ratiba, na watoto wa klabu za mazingira wanataka kujua kama safari hii kutakuwa na miparachichi. Kampeni ya Soma na Mti inamtaka kila mwanafunzi apande mti na kuutunza, na kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mwitikio wa shule za Moshi ni mzuri na tunawashukuru walimu kwa hilo. Lakini katika ziara zetu kuna swali ninalouliza kila shule, na jibu ninalopewa limenifanya niandike makala haya.

Nauliza hivi: "Maji mnayokunywa hapa yanatoka wapi?" Darasa zima linageuka dirishani, vidole vinaelekea Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro chenye barafu. "Kwenye theluji, afande!"

Hapana. Na naomba wanafunzi wa mji huu tulimalize jambo hili mwaka huu, kwa sababu tumelisema sana na bado linarudi, hata kwa watu wazima. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Tena sehemu kubwa ya barafu inayopotea haiwi maji kabisa. Hewa ya kule juu ni kavu na jua lake ni kali, kwa hiyo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja na kupotelea hewani. Kama mito ya Karanga, Weruweru, Kikafu na Rau ingekuwa inasubiri theluji, tungekuwa tunavuka mito hiyo kwa ndala mwaka mzima. Karibu maji yote yanayoshuka mlimani huanzia kwenye mkanda wa msitu, ule ukanda wa kijani kibichi mnaouona asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Chemchemi zinazolisha mabomba ya mji, zikiwemo Nsere na Shiri, zinatoa maji ambayo mvua iliyaacha huko juu, yakazama ardhini, yakatembea ndani ya miamba ya volkano na kutokea huku chini.

Usanisinuru na kazi za mizizi mmefundishwa darasani, sitarudia. Nataka muone kinachotokea msituni kwenyewe. Moshi mjini hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka. Panda kuelekea Kibosho au Marangu mpaka uingie msituni, na utakuta sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000. Mvua hiyo haipigi udongo uchi. Inapiga kwanza majani ya miti mirefu, inadondokea miti ya kati, kisha vichaka, kisha feni na majani makavu yaliyolala chini. Mpaka ifike kwenye udongo imeshapoteza nguvu, inazama taratibu badala ya kukimbia na tope. Kwenye shamba lililolimwa kwenye mteremko, mvua hiyo hiyo ingefika mtoni kwa dakika chache, nyekundu, na wiki mbili baadaye mto ungekuwa mawe matupu.

Halafu kuna maji ambayo vipimo vingi vya mvua haviyahesabu. Juu kabisa ya msitu, kuelekea mita 3,000, ukungu hukaa kwa saa nyingi. Miti ya huko, hasa erika, imevaa nyuzi za kijivu zinazoning'inia, ambazo wengine huziita ndevu za mzee, na mashina yake yamefunikwa na zulia laini la kijani. Siku moja, bila tone la mvua, ukungu tu, nilibandua konzi moja ya zulia hilo ili niwaonyeshe vijana niliokuwa nao. Nilipoikamua, maji yalinitiririka hadi kwenye kiwiko. Kila mti kule unaunasa ukungu kwa namna hiyo, usiku na mchana, na kuudondosha chini. Mtafiti wa mimea Andreas Hemp, ambaye ameufanyia kazi mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba kuungua kwa misitu hiyo ya juu kunatugharimu maji mengi kuliko kuisha kwa barafu. Watalii wanalia kwa ajili ya theluji, na ni haki yao. Sisi tunaoishi huku chini tuna sababu kubwa zaidi ya kuulilia msitu.

Maji hayo yana safari ndefu. Kikafu, Weruweru na Karanga huingia Kikuletwa, Kikuletwa na Ruvu huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huenda mpaka baharini. Njiani yapo mashamba ya mpunga, yapo mashamba ya miwa, na ipo mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na New Pangani Falls. Mwanafunzi wa Tanga anayesoma usiku kwa taa anaweza kuwa anatumia ukungu ulionaswa juu ya Mweka.

Sasa nije kwenye dhana ya pili, ambayo inanisumbua zaidi kwa sababu imefichwa ndani ya jambo jema. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba miti mingi ikiwa pamoja ni msitu. Shamba la mikaratusi si msitu wa asili. Safu za mgrivelia kando ya kihamba, shamba la nyumbani, si msitu. Ni miti yenye faida zake, mbao, kuni na kivuli, lakini haifanyi kazi ambayo msitu unafanya, kwa sababu msitu ni miti pamoja na kila kinachoifanya miti iendelee kuwepo.

Chukueni mfano wa hondohondo, yule ndege mkubwa mweusi na mweupe mwenye mdomo wenye pembe juu yake, ambaye akiruka mabawa yake husikika kama mtu anayefua. Hondohondo hula matunda ya msituni na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Ndiye mpandaji wetu mkuu, na hatumlipi posho. Lakini hawezi kujenga kiota matawini. Jike huingia ndani ya tundu la mti mzee, mlango unazibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba, na dume humlisha yeye na makinda kupitia ufa huo kwa miezi kadhaa. Mti wenye tundu la kumtosha ndege huyo ni mti wa umri mkubwa sana. Mkataji anautazama na kusema umeoza ndani, haufai kwa mbao, bora uwe mkaa. Ukianguka, hondohondo amekosa nyumba, na miti ambayo mbegu zake zingebebwa na yeye imekosa mbebaji. Hata upande miche milioni ya mgrivelia, hakuna hata mmoja utakaokuwa na tundu hilo katika maisha yako.

Vivyo hivyo gogo lililolala. Tunaambiwa kila mara, "Ni kuni zilizokufa, zinaharibu nini zikiokotwa?" Geuza gogo moja uone: uyoga, jongoo, mchwa, na juu yake miche midogo imeota kwenye uozo wenye unyevu. Gogo hilo linarudisha chakula kwenye udongo.

Mlima huu una takribani aina 2,500 za mimea. Una minde, swala mdogo mweusi anayepatikana Tanzania pekee. Una ua jekundu, Impatiens kilimanjari, lisiloota porini mahali pengine popote duniani. Na katika bonde mojawapo la mlima ulipimwa mti wa Entandrophragma excelsum wenye urefu wa mita 81.5, ukatangazwa mwaka 2016 kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Nimewahi kuwauliza wanafunzi mti mrefu zaidi Afrika uko wapi, wakanitajia Kongo.

Shule za mjini zisizoweza kupanda mlimani zina Msitu wa Rau, karibu kabisa na mji. Ule unaishi kwa maji ya ardhini yanayoshuka kutoka mlimani, ndiyo maana unabaki kijani wakati mashamba ya jirani yamekauka. Humo kuna msoo, mti mkubwa adimu ambao duniani hupatikana sehemu chache tu za Tanzania na Kenya, na kuna mbega wanaorukaruka juu ya vichwa vya watu wanaokwenda shamba bila hata kutazama.

Hapa naomba tuelewane kuhusu utaratibu, kwa sababu malalamiko mengi yanatokana na kutojua nani anasimamia nini. Msitu wa mlimani uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, kwa hiyo unasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, na kuingia bila kibali ni kosa hata kama hujakata kitu. Msitu wa Rau ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, Sura ya 323. Miti ya vihambani ipo chini ya halmashauri. Mito na chemchemi zina Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Shule inayotaka ziara ya Rau iandike barua mapema, yenye muhuri, itaje tarehe, idadi ya wanafunzi, majina ya walimu wasimamizi na namba ya simu ya mmoja wao. Barua isiyo na tarehe tunairudisha. Barua inayoletwa asubuhi ya ziara, na basi limeshapaki getini, haitusaidii wala haiwasaidii watoto.

Kuhusu mti wa kihambani, swali ni lile lile: "Mti ni wa baba, aliupanda mwenyewe, kibali cha nini?" Kibali kipo kwa sababu gogo halina jina. Mkulo, mti wa asili wa mbao, ulioibwa mlimani ukishapasuliwa na kulazwa kihambani, mwizi atasema ameuvuna nyumbani. Kwa hiyo mwombaji anaanza ofisi ya kijiji au mtaa, mti unakaguliwa, maombi yanapelekwa ofisi ya misitu ya wilaya, na ukisharuhusiwa ndipo uvune. Ukitaka kusafirisha, unahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile watu wanayoiita TP (transit pass), na hati hiyo inaonyesha aina, idadi, unakotoka na unakokwenda.  Anayekamatwa bila kibali au hati anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na mzigo, msumeno na hata gari vinaweza kutaifishwa. Kijana anayelipwa elfu kumi abebe mbao usiku naye ni mtuhumiwa. Nawaambia ninyi kwa sababu wanaotumwa ni wa umri wenu.

Najua wapo wanaouliza kuhusu kuni za mama na kuhusu ukanda wa nusu maili pembeni mwa msitu, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wa mlimani wapate mahitaji yao. Masuala ya mipaka ya vijiji na hifadhi yana vikao vyake na si nafasi yangu kuyasemea hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba kuni si dharau kwangu. Nimekulia jikoni penye moshi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na shule zenye majiko ya kuni zinapaswa kuwa mbele katika hilo, maana shule moja ya bweni hula kuni za familia nyingi.

Moto ndio adui wa haraka kuliko wote. Oktoba 2020 moto ulizuka mlimani ukala takribani kilomita za mraba 95, na wanafunzi wa Chuo cha Mweka walikuwa miongoni mwa mamia ya watu waliopanda kuuzima kwa matawi na ndoo. Oktoba 2022 ukawaka tena. Moto mwingi huanza na mtu: anayefukiza nyuki, anayepika, anayechoma majani ya shamba na upepo ukamzidi. Mkiona moshi usio wa kawaida, mwambieni mwalimu au mwenyekiti wa kijiji saa hiyo hiyo.

Nimalizie na miche. Shule moja tuliipelekea miche 200. Tulipiga picha, tukapongezana. Niliporudi kiangazi nilikuta mingi imekauka. Niling'oa mmoja, na mizizi ilitoka imezungukana kama kamba ndani ya kiriba cha plastiki ambacho hakuna aliyekitoa. Hakuna aliyewaambia watoto wakitoe, na lawama hiyo ni yetu. Kwa hiyo sasa nasema: chana kiriba, toa plastiki yote, shimo liwe na kina cha sentimita 60, udongo wa juu na samadi viingie kwanza, kisha tandaza majani makavu bila kugusa shina. Gaweni zamu ya kumwagilia inayojumuisha likizo ya Juni. Karibu na chemchemi msipande mikaratusi, inakunywa maji mengi. Pandeni mkuyu, mringaringa au msesewe, ule ambao gome lake bibi zenu hutilia mbege. Na kumbukeni mita 60 kutoka ukingo wa mto zimelindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: hapo hapalimwi wala hapajengwi.

Orodha ya miche iliyopo imebandikwa mlangoni kwetu. Kuna mringaringa, mruka na mkuyu wa kutosha. Wengi wameomba mkulo na tumewakatalia, kwa sababu mbegu zake huharibiwa sana na wadudu na nyingi hazioti kitaluni. Mkulo huzaliana zaidi kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi ya mti uliosimama, na kwa sasa miti hiyo iko juu ya Kibosho, Old Moshi na Marangu, ndani ya msitu.