Namna ya Kusafisha Sufuria ya Stenlesi Iliyoungua kwa Vitu vya Jikoni

Wali wa nazi na maziwa huunguza sufuria upesi, kwa sababu wanga, protini na sukari hutulia chini, maji yakakauka, kisha vikashikana na chuma na kuwa gamba jeusi ambalo sabuni peke yake hailiwezi. Hapo ndipo wengi hushika mchanga au waya wa kusugulia na kuanza kupambana nalo. Sisi tunaofundisha usafi wa vyombo vya upishi hapa Mombasa tunasisitiza jambo moja kabla ya mengine yote: ukoko ulioungua hulainishwa kwanza, haulazimishwi.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na sufuria zilizopigwa chapa ya 18/10 kwenye kitako huwa na takriban asilimia 18 ya kromiamu na 10 ya nikeli. Kromiamu ikikutana na oksijeni ya hewani hufanya utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe, mradi chombo kiwe safi na kikavu. Hata hivyo, mchanga huchimba mikwaruzo ambamo chakula cha kesho hunasa kwa urahisi zaidi, nao waya wa chuma cha kawaida huacha chembechembe zinazoota kutu, mwenye sufuria akadhani kwamba ni sufuria yake inayooza.

Iache sufuria ipoe yenyewe. Kuitia maji baridi ingali moto kwaweza kupinda kitako, na kitako kilichopinda hakikai sawa jikoni tena. Ondoa kwa mwiko wa mbao kile kinachotoka bila nguvu, kisha mimina maji yafunike palipoungua na utie vijiko viwili vya chakula vya bekingi soda, ile inayotiwa kwenye keki na bajia, kwa kila lita moja. Chemsha kwa moto mdogo kwa dakika 10 hadi 15. Soda ikichemka hutoa hewa ya kaboni dioksidi na kugeuka kuwa kabonati ya sodiamu, ambayo ni alikali yenye nguvu zaidi, inayovunja mafuta na protini zilizoshika. Utaona maji yakigeuka rangi ya chai, na kingo za ukoko zikijikunja na kuinuka kidogo kidogo. Zima moto, acha hadi maji yapoe, au hata usiku kucha ikiwa gamba ni nene, kisha sugua kwa makumbi ya nazi. Nyuzi zake hukwangua ukoko bila kuumiza chuma, na sijaona haja ya kununua kitu kingine.

Magadi ya kutoka Ziwa Magadi, Kajiado, hufanya kazi hiyo hiyo, ila ni makali zaidi, kwa hivyo punguza kipimo na uvae glavu. Dawa hizi zote mbili zisitumike kwenye sufuria za alumini, zile nyepesi zilizojaa madukani, kwa kuwa alikali huila alumini na kuitia weusi.

Wako wanaochanganya soda na siki wakiamini kwamba povu ndilo linalosafisha. Povu hilo ni hewa inayotoka wakati asidi na alikali zinapoondoleana nguvu, na kinachobaki ni karibu maji matupu yenye chumvi dhaifu. Siki, ndimu na ukwaju vina kazi yake tofauti: kuondoa madoa meupe ya maji ya kisima na ile rangi ya upinde wa mvua inayoachwa na moto mkali. Pangusa kwa kitambaa chenye siki, suuza, basi.

Jiki iwekwe mbali kabisa na stenlesi. Klorini iliyomo hutoboa utando na kuacha vishimo, na ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Chumvi pia ina hatari hiyo ya vishimo, na hapa kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa nyumba nyingi huoshea vyombo maji ya kisima yenye chumvi. Ukiwa huna budi kuyatumia, suuza mara ya mwisho kwa maji yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya mtungi, hata kama ni kikombe kimoja, kisha ufute sufuria kwa kitambaa badala ya kuiacha ijikaukie. Chumvi ya chakula nayo itiwe maji yakishachemka, ikorogwe, isilale chini ya sufuria.

Vishimo vikishaingia, hakuna soda wala siki itakayoviziba. Sufuria ya namna hiyo isilazwe na mchuzi ndani yake, na kila ikioshwa vishimo visuguliwe kwa brashi laini, kwani mabaki ya chumvi yakikaa humo huendelea kuchimba.