Kajiado Kaskazini: mpaka kati ya ploti na malisho

Ukiabiri matatu ya 125 jijini Nairobi kuelekea Ongata Rongai, unavuka kaunti ukiwa bado kwenye foleni ileile. Mto Mbagathi ndio mpaka. Ng'ambo ya Nairobi ni eneo bunge la Lang'ata. Ukishapita daraja uko Kajiado Kaskazini. Wengi wanaolala Rongai huamkia kazini Nairobi, na si wachache wanaoniuliza kwa nini basi wasimpigie kura mbunge wa kule wanakoshinda mchana kutwa. Katika fani yetu ya mipaka hilo ni swali halali. Jibu lake linaanzia mbali kuliko uchaguzi wowote.

Makubaliano ya mwaka 1904 na 1911 kati ya Wamaasai na serikali ya kikoloni, ambayo hadi leo wazee huyataja kwa uchungu, yaliwaondoa Wamaasai Bonde la Ufa na Laikipia na kuwasukuma kusini, kwenye hifadhi waliyotengewa. Ngong ikawa kituo cha utawala wa hifadhi hiyo ya kusini. Mstari uliotenganisha mji wa walowezi na ardhi ya Wamaasai haukuchorwa kwa kufikiria wapiga kura. Ila ulipokwisha kuchorwa ulirithiwa na wilaya, kisha na kaunti, na maeneo bunge hupangwa ndani ya kaunti, hayavuki mpaka wake. Ndiyo maana mkazi wa Rongai humchagua mbunge wa Kajiado hata kama mshahara wake unatoka Upper Hill, Nairobi.

Baada ya uhuru, Kajiado Kaskazini ilikuwa eneo la wafugaji lenye vimji vichache pembeni. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu jamii kusajili ranchi za kikundi. Ranchi hizo zilipoanza kugawanywa na kila familia kupata hati yake, milango ya soko la ardhi ilifunguka. Ekari zikakatwa kuwa ploti za futi hamsini kwa mia, na waliokuwa wakitafuta nyumba nafuu karibu na Nairobi wakazifuata. Mtu aliyeijua Rongai ya vibanda na ng'ombe leo hupotea kati ya maghorofa.

Kiti cha ubunge cha Kajiado Kaskazini kilishikwa na John Keen, na kuanzia 1988 na Profesa George Saitoti, mwanahisabati aliyewahi kuwa makamu wa rais. Saitoti aliwakilisha eneo lililoanzia nyumba za kupanga za Rongai, likapanda vilima vya Ngong, likateremka Bonde la Ufa hadi ziwa la magadi na mpaka wa Tanzania. Mbunge mmoja alitakiwa asubuhi azungumzie maji taka ya mtaani na jioni azungumzie visima vya mifugo, kilomita nyingi kutoka pale. Nionavyo, hilo lilikuwa tatizo kubwa kuliko hata idadi ya watu, ingawa ni idadi iliyolipatia dawa.

Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya 38,610,097. Gawanya kwa maeneo bunge 290 yaliyowekwa na Katiba, unapata wastani wa watu 133,138 kwa kila moja. Kajiado Kaskazini ilikuwa imeuzidi wastani huo zaidi ya maradufu. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilipochapisha mipaka mipya Machi 2012, maeneo bunge yalipanda kutoka 210 hadi 290, na Kajiado ikatoka na viti vitano badala ya vitatu: Mashariki na Magharibi ndivyo vilivyoongezwa.

Kajiado Kaskazini ikabaki na wadi tano: Olkeri, Ongata Rongai, Nkaimurunya, Oloolua na Ngong. Kajiado Magharibi ikachukua Keekonyokie, Iloodokilani, Magadi, Ewuaso Oonkidong'i na Mosiro. Kwa ufupi, ploti zilibaki kaskazini na sehemu kubwa ya malisho ikahamia magharibi. Idadi ya wadi ni sawa, lakini ukiziweka kwenye ramani, Kaskazini inaonekana kama kidole na Magharibi kama mwili mzima.

Mipaka hiyo haikuanza kutumika papo hapo. Katiba inasema mipaka mipya hungoja Bunge livunjwe. Kwa hiyo Saitoti alipofariki katika ajali ya helikopta Juni 2012, uchaguzi mdogo wa Septemba ulifanywa kwa mipaka ya zamani. Moses ole Sakuda aliushinda, na mwaka uliofuata akaingia tena bungeni, safari hii kupitia Kajiado Magharibi.

Sasa tazama sensa ya 2019. Wastani wa kitaifa ulipanda hadi watu 164,015. Kaunti ndogo ya Kajiado Magharibi ilikuwa na watu 182,849, idadi ambayo sheria inaivumilia. Kajiado Kaskazini ilikuwa na 306,596. Katiba huruhusu asilimia 40 juu au chini ya wastani kwa majiji na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Hata ukiihesabu Rongai kama jiji, dari ni kama watu 229,600. Kiraka kilichokatwa 2012 kimeshajaa na kufurika.

Kuna wanaosema basi igawanywe tena, yaishe. Si rahisi hivyo, maana idadi ya 290 iko ndani ya Katiba yenyewe: kiti kikiongezwa Rongai, kinatoka mahali. Lamu Mashariki, kwa mfano, ilihesabiwa watu 22,258 tu mwaka huohuo. Ukifuata hesabu tupu, wadi zake kama Faza na Kiunga zingeunganishwa na Lamu Magharibi. Lakini Katiba pia inataka tume ipime jiografia, njia za mawasiliano na mafungamano ya jamii, na mtu anayesafiri kwa mashua kumfikia mbunge wake ana hoja nzito. Binafsi sioni dhambi kura ya kisiwani kuwa na uzito zaidi. Ninachokataa ni pengo la karibu mara kumi na nne kati yake na Kajiado Kaskazini.

Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Kwa hesabu ya kutoka Machi 2012, ukomo ulikuwa Machi 2024, na siku hiyo ilipita IEBC ikiwa haina makamishna. Wapya waliapishwa Julai 2025.

Tume ikija kuwasikiliza wakazi, wakazi wa Kajiado waende na majina ya kata ndogo (sub-location). Wadi hupangwa kwa kuunganisha kata ndogo, kwa sababu sensa nayo huhesabu watu kwa kata ndogo. Pendekezo linalosema "upande wetu wa barabara" halina pa kuwekwa kwenye jedwali. Na mipaka ikishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo nayo ina miezi mitatu ya kuamua.